Msonobari, theluji na upepo: miti ya milima mirefu hufia wapi, huponea wapi

Muulize mtu kwa nini miti hukoma ukipanda mlima mrefu wa nchi za theluji, atakujibu bila kusita: baridi. Jibu lina ukweli ndani yake, ila si ukweli ule anaoufikiria. Yeye anawaza usiku wa Januari, nyuzi 40 za Selisiasi chini ya sifuri, matawi yamekakamaa kwa barafu. Sasa chukua sindano za baadhi ya jamaa za msonobari zinazomea maeneo ya kaskazini, uzichume katikati ya majira ya baridi, uzipoze polepole maabara, kisha uzitumbukize katika naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Jaribio hilo limeshafanywa. Sindano ziliyeyushwa taratibu zikakutwa bado hai. Hakuna mlima wowote duniani wenye baridi ya namna hiyo, kwa hiyo usiku wa Januari peke yake haumwui mti wa aina hii.

Ipo basi sababu nyingine inayofanya msitu wa sprusi wenye miti ya mita 25 upungue kimo hatua kwa hatua, ufikie magoti, kisha uishe kabisa na kuacha majani na mawe. Miti tunayoizungumzia hapa ni ile ya ukanda ulio chini kidogo ya vilele: misonobari yenyewe pamoja na ndugu zake sprusi, firi, hemloki na lachi, yote ikiwa ya ukoo mmoja mpana unaozaa koni na, isipokuwa wachache, wenye majani membamba ya sindano yasiyopukutika kila mwaka. Ukiisoma sana habari ya miti hii unaona kwamba mapambano yake makubwa yako mahali pawili ambapo mgeni hapatazami. Pa kwanza ni majira ya joto, si ya baridi. Pa pili ni mkanda mwembamba wa hewa ulio juu kidogo tu ya uso wa theluji.

Tuanze na majira ya joto

Mpaka wa juu wa miti hauko kwenye kimo kimoja. Katika Alpi za Ulaya uko karibu mita 2,200. Katika milima ya Rocky, jimbo la Colorado, unafika mita 3,500 hivi. Huko Tibet ipo mireteni inayosimama kwenye mita 4,900. Majira ya baridi ya sehemu hizi hayafanani hata kidogo. Lakini Christian Körner na Jens Paulsen wa Chuo Kikuu cha Basel, Uswisi, walipokusanya vipimo vya joto la udongo kwenye mipaka ya miti katika pande nyingi za dunia na kuvichapisha mwaka 2004, waliona jambo linalojirudia: wastani wa joto wakati wa msimu wa kukua ulikuwa kati ya nyuzi 6 na 7, iwe ni karibu na ikweta au kaskazini ya mbali. Baridi kali kabisa ya mwaka haikueleza kitu. Kilichoeleza mpaka ni joto dogo la msimu ambao mti unapaswa kufanya kazi.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba mti wa juu mlimani unakufa njaa, yaani hautengenezi sukari ya kutosha. Vipimo havikuunga mkono wazo hilo. Miti iliyo mpakani mara nyingi ina akiba ya sukari na wanga isiyopungua ile ya miti ya chini, pengine hata zaidi. Usanisinuru huendelea hata hewa ikiwa na nyuzi chache tu juu ya sifuri. Kinachokwama ni ujenzi: chini ya nyuzi 5 hivi, seli huacha karibu kabisa kugawanyika, na mbao mpya hazifanyiki. Chakula kipo, lakini mti haukui.

Urefu wenyewe ndio unaoponza hapa. Kichwa cha mti mrefu kiko ndani ya hewa inayotembea, kwa hiyo joto lake ni lile lile la hewa. Majani mafupi na vichaka vinavyolala chini hukingwa na upepo, jua likiwaka hupata joto kuzidi hewa kwa nyuzi kadhaa. Ndiyo maana juu ya mpaka wa miti hukuti jangwa, unakuta bustani ya maua na nyasi. Msonobari uliojikunja na kubanana karibu na ardhi unaishi katika hali ya hewa nyingine kabisa, yenye joto zaidi, kuliko ndugu yake aliyesimama wima hatua mbili kutoka hapo. Jambo hili tutalirudia, kwa sababu ndilo linaloeleza maumbo ya ajabu yanayoonekana mpakani.

Baridi hugeuzwa kuwa ukame

Hata hivyo majira ya baridi hayapiti bure. Maji yakiganda ndani ya seli hai, punje za barafu hupasua kila kitu na seli imekwisha. Mti hauwezi kuzuia barafu isitokee kabisa, ila unaweza kuchagua itokee wapi. Maji yaliyo katika nafasi za nje ya seli huganda mapema kwa kuwa hayana sukari nyingi. Barafu hiyo ikishatokea huanza kuvuta maji kutoka ndani ya seli kupitia utando wake. Seli inanywea. Kinachobaki ndani kinazidi kukolea sukari na protini maalumu, na kadiri kinavyokolea ndivyo kinavyokataa kuganda, hadi baridi ikizidi mno kinageuka kigumu kisicho na punje, kama kioo. Katika matumba ya sprusi, firi na lachi, maji huondoka kabisa kwenye chipukizi changa lililomo ndani na kwenda kugandia kwenye magamba ya nje, mahali ambapo hayadhuru.

Kwa hiyo ustahimilivu wa baridi, ukiuchungulia kwa karibu, ni ustahimilivu wa ukavu. Seli iliyozoea kunywea bila utando wake kuchanika ndiyo inayovuka majira.

Uwezo huu hauko siku zote. Sindano ileile inayovumilia nyuzi 60 chini ya sifuri mwezi Januari inaweza kuuawa na nyuzi chache tu chini ya sifuri mwezi Juni, chipukizi likiwa bado laini. Mti hujitayarisha kwa awamu mbili. Siku zikianza kufupika mwishoni mwa majira ya joto, hata hewa ikiwa bado ya kupendeza, ukuaji unasimamishwa na matumba yanafungwa. Baadaye jalidi ya kwanza inapofika, awamu ya pili inaanza: sukari inaongezwa, mafuta ya tando za seli yanabadilishwa muundo, maji yanapunguzwa. Mti unaosubiri baridi ndipo uanze kujiandaa umechelewa. Ndiyo sababu miche iliyotokana na mbegu za bondeni mara nyingi hushindwa ikipandwa juu: kalenda yake ya ndani ni ya mahali pengine.

Kuna tatizo jingine ambalo watu hulisahau, nalo ni mwanga. Siku ya Februari isiyo na mawingu, juu ya theluji nyeupe, jua ni kali ajabu. Klorofili inaendelea kunasa mwanga huo ilhali mitambo ya kutengeneza sukari imeganda. Nishati isiyo na pa kwenda huunguza seli. Miti hii huibadilisha mitambo yake ya kunasa mwanga iwe ya kuutawanya mwanga kwa njia ya joto, kwa msaada wa rangi ya manjano iitwayo zeaxanthini, na kukaa katika hali hiyo kwa miezi. Rangi ya kijani iliyopauka ya misonobari mwishoni mwa majira ya baridi inatokana kwa sehemu na marekebisho hayo. Haimaanishi mti unaumwa.

Machi ndio mwezi wa hatari

Sasa tunafika kwenye mauaji yenyewe. Mwishoni mwa majira ya baridi jua limepanda, sindano zinapata joto mchana, na maji yanaanza kutoka. Udongo bado umeganda. Shina nalo limeganda. Hakuna tone linalopanda kufidia. Mti uko katikati ya mita mbili za maji yaliyoganda, na unakufa kwa kiu.

Kinga ya kwanza ni ngozi ya nta inayofunika kila sindano, pamoja na matundu ya kupumulia yaliyozamishwa ndani na mengine kuzibwa kwa nta. Ngozi hiyo ikiwa imekomaa, maji yanayopotea ni kidogo sana. Tazama sasa jinsi majira ya joto yanavyorudi kwenye hesabu: ngozi ya nta inahitaji wiki za kutosha za joto ili inenepe. Majira yakiwa mafupi, sindano za mwaka huo zinaingia kwenye baridi zikiwa na ngozi nyembamba, na Machi ikifika zinakauka. Walter Tranquillini, mtafiti wa Austria aliyeitumikia mada hii miaka mingi huko Innsbruck, ndiye aliyeueleza mlolongo huu vizuri katika miaka ya 1970.

Halafu kuna upepo. Wengi hudhani upepo unakausha sindano kama unavyokausha nguo kambani. Mambo hayaendi hivyo moja kwa moja. Matundu yakiwa yamefungwa, upepo baridi unaipoza sindano iliyopashwa na jua, na sindano iliyopoa hupoteza maji kidogo zaidi. Madhara makubwa ya upepo yanatokana na kile unachokibeba. Punje za theluji na barafu zinazopeperushwa huipiga msasa ile ngozi ya nta, zikaikwangua, zikaacha sindano wazi kwa ukavu wa Machi. Mount Washington, New Hampshire, mlima ambao haufiki hata mita 2,000, uliwahi kupimwa upepo wa kilomita 372 kwa saa tarehe 12 Aprili 1934. Firi na sprusi zipo pale, chini kidogo ya kilele, zimejibana nyuma ya mawe.

Tatizo la tatu liko ndani ya mbao. Maji yanapoganda kwenye mirija ya shina, hewa iliyokuwa imeyeyuka ndani yake hutolewa na kuwa mapovu. Barafu ikiyeyuka huku sindano zikivuta maji kwa nguvu, mapovu yanaweza kutanuka na kukata mkondo. Hapa maumbile ya kale ya miti ya koni yanaipa faida. Mirija yake ni myembamba sana, kwa hiyo kila povu ni dogo na huyeyuka tena kwa urahisi, tofauti na mirija mipana ya miti mingi ya majani mapana. Kati ya mrija na mrija pana vitundu vyenye kifuniko kidogo katikati, na hewa ikiingia mrija mmoja kifuniko kinavutwa na kuziba, jirani anasalimika. Lakini mgando na myeyuko ukirudiwa mara nyingi pamoja na ukame, hata mfumo huo huzidiwa. Sprusi za mpakani katika Alpi zimepimwa zikiwa zimepoteza sehemu kubwa kabisa ya uwezo wa kupitisha maji mwishoni mwa majira ya baridi, na bado majira ya joto yakazikuta zimepona. Mwaka 2014 Stefan Mayr na wenzake wa Innsbruck walionyesha namna moja ya uponaji huo: theluji inayoyeyuka juu ya matawi huingia kupitia matawi na sindano zenyewe na kusaidia kuijaza mirija iliyokatika, kabla udongo haujayeyuka. Mti hunywa kutoka juu. Binafsi naona huu ni kati ya ugunduzi mzuri zaidi katika mada nzima, kwa sababu unaigeuza theluji iliyolemea tawi kuwa msaada.

Mti mmoja, hadithi tatu

Ukitaka kuona mambo haya yote kwa jicho, mtafute mti uliosimama peke yake kwenye ukingo wa mpaka, uusome kutoka chini kwenda juu.

Chini kabisa, hadi kimo cha goti au kiuno, utakuta zulia nene la matawi, sindano zimebanana, za kijani, zenye afya. Hiyo ni sehemu inayofunikwa na theluji majira yote ya baridi. Theluji ina hewa nyingi iliyonaswa kati ya punje zake, hivyo joto hupita kwa shida. Chini ya theluji nene, hewa ya nje ikiwa nyuzi 30 chini ya sifuri, udongo unaweza kubaki karibu na sifuri yenyewe. Hakuna upepo, hakuna jua kali, hakuna punje zinazokwangua, na hewa imejaa unyevu. Sindano zilizozikwa hazikauki.

Panda juu kidogo. Ghafla shina ni tupu. Vipande vya matawi yaliyokufa vimechongoka, gome upande wa joshi, kule upepo utokako, limekwanguliwa hadi mbao zinang'aa. Mkanda huu ni ule ulio juu kidogo ya uso wa theluji, na mtu akiupima ataona hauzidi sana mita moja. Theluji inayopeperushwa huruka kwa wingi karibu na uso, punje zikidunda na kurushwa tena, kwa hiyo hapa ndipo msasa unapofanya kazi kuliko popote. Zaidi ya hapo, mwanga wa jua unaakisiwa na theluji na kuzipasha sindano joto wakati usiofaa. Chipukizi lolote linalothubutu kuchungulia katika mkanda huu kwa kawaida huwa jekundu kama kutu ifikapo majira ya kuchipua, kisha hukatika.

Juu ya mkanda huo, ikiwa mti umebahatika, kipo kishungi cha matawi yote yakielekea upande mmoja, demani, kule upepo uendako. Matawi ya joshi yaliuawa yangali machanga. Ya demani yalikingwa na shina lenyewe. Ukiona miti ya namna hii kwenye mgongo wa mlima huhitaji chombo cha kupimia upepo, mwelekeo wake mkuu umeandikwa. Bahati iliyoufikisha mti hapo ni ya miaka michache mfululizo yenye theluji nyingi au upepo mpole, iliyotosha kwa chipukizi moja kuvuka mkanda wa hatari na kutoa kichwa upande wa pili.

Mingi haivuki. Hubaki katika umbo la zulia maisha yake yote, kila mwaka ikinyoolewa sawasawa na kimo cha theluji. Wataalamu huliita umbo hili krumholzi. Kwa macho linaonekana la kusikitisha, mti ulioshindwa. Sikubaliani na hukumu hiyo. Zulia hilo linafaidi theluji wakati wa baridi, na wakati wa joto linafaidi ule upashaji joto wa karibu na ardhi tulioutaja, kwa kuwa sindano zilizobanana hunasa joto la jua na kulizuia lisipeperushwe. Hasara yake iko kwingine: miti ya umbo hili huzaa koni kwa nadra, na mbegu zinazokomaa ni chache.

Miti inayotembea na miti isiyozeeka

Isipozaa mbegu, huendelea vipi? Tawi la chini likilazwa na theluji juu ya udongo wenye unyevu huota mizizi. Firi ya milimani, sprusi ya Engelmann na hemloki ya milimani zote hufanya hivyo. Baada ya muda tawi linajitegemea, shina la mwanzo likifa halina neno. Huko Niwot Ridge, Colorado, vipo visiwa vya miti vilivyofanyika kwa njia hii, na vinahama: upande wa joshi matawi yanakufa, upande wa demani mapya yanaota mizizi, na kisiwa kizima kinasogea polepole kuelekea upepo uendako, nyuma yake kikiacha mbao kavu na mizizi iliyokufa kama alama ya njia kilikopita.

Sprusi maarufu ya Uswidi, iliyopewa jina Old Tjikko, ipo kwenye mlima Fulufjället. Mabaki ya mbao yaliyokutwa chini yake yalipimwa kwa kaboni yakapata umri wa miaka 9,550 hivi, na Leif Kullman wa Chuo Kikuu cha Umeå aliyatangaza mwaka 2008. Shina unaloliona leo ni changa kabisa. Sehemu kubwa ya muda huo mti ulikuwa zulia, ukijirudishia matawi na mashina, na ni katika joto la karne ya 20 tu ndipo uliponyanyua shina wima. Ni vema kuwa makini hapa: kinachosemekana kuishi miaka yote hiyo ni ukoo mmoja wa kijenetiki, hakuna shina lililosimama miaka 9,550. Kwa mti mmoja mmoja wenye shina lake, rekodi zilizohesabiwa pete kwa pete (kila pete ni mbao za mwaka mmoja) ni za msonobari wa Great Basin (Pinus longaeva). Mmoja ulikatwa Nevada mwaka 1964 ukakutwa na pete zaidi ya 4,800. Miti hiyo hukua polepole mno kwenye mawe makavu, huacha sehemu kubwa ya gome lake ife na kubaki na ukanda mwembamba ulio hai, na sindano zake hukaa mtini zaidi ya miaka 30. Sehemu ambayo sindano mpya haijengeki kwa urahisi, ya zamani hutunzwa.

Theluji si rafiki wa bure

Kwenye Mount Baker, jimbo la Washington, msimu wa 1998 hadi 1999 ilianguka theluji ya karibu mita 29 ukijumlisha yote. Hemloki za milimani zinaishi huko. Mzigo wa namna hiyo unahitaji umbo. Firi ya milimani ni nyembamba kama mnara, matawi mafupi yanayoinamia chini, theluji ikizidi inateleza. Hemloki huinamisha hata kilele chake. Msonobari mlegevu (Pinus flexilis) una vitawi ambavyo unaweza kuvipinda sana bila kuvunjika.

Kwenye mteremko theluji haikai tuli, inatambaa chini kidogo kidogo na kuisukuma miche. Mche unaosukumwa kila mwaka hulala, kisha hujinyanyua majira ya joto. Miti ya koni hujisimamisha kwa kutengeneza mbao nzito zenye lignini (kitu kinachozipa mbao ugumu) nyingi upande wa chini wa mpindo, ambazo husukuma shina kurudi wima. Ndiyo sababu katika miteremko mikali mashina mengi yamepinda chini kabisa na kunyooka juu.

Mzigo na msukumo si mbaya kama muda. Theluji ikikawia kuyeyuka, inakula majira ya joto ambayo tayari ni mafupi. Na kuna kuvu zinazopenda hali hiyohiyo ya giza, unyevu na nyuzi sifuri iliyokuwa ikizilinda sindano. Herpotrichia hutanda utando mweusi juu ya matawi yaliyozikwa na kuyashikamanisha. Phacidium huua sindano za misonobari. Ushahidi mzuri uko Stillberg, karibu na Davos, Uswisi. Mwaka 1975 miche ipatayo 92,000 ya aina tatu, lachi ya Ulaya, msonobari wa Alpi (Pinus cembra) na msonobari wa mlimani, ilipandwa mpakani na juu ya mpaka kwenye mteremko wenye mabonde na vigongo vidogo. Baada ya miongo mitatu matokeo yalikuwa wazi. Miche ya misonobari ilikufa kwa wingi, hasa mahali ambapo theluji ilichelewa kuyeyuka na kuvu zikashamiri. Lachi ilihimili zaidi kuliko zote.

Lachi ndiyo mkaidi wa ukoo huu. Hupukutisha sindano zake zote kila mwaka, kwa hiyo Machi ikifika haina kitu cha kukaushwa, na kuvu hazikuti sindano za kula. Gharama yake ni kujenga upya majani yote kila majira ya joto, na hilo hulimudu kwa sindano nyembamba, nafuu, zinazofanya usanisinuru kwa kasi.

Mche na ndege

Mti mkubwa umeshashinda. Aliye hatarini zaidi ni mche wa mwaka mmoja, sentimita chache, ulioota mahali palipo wazi. Usiku usio na mawingu hupoteza joto lake kuelekea angani na kupatwa na jalidi hata katikati ya Julai, na asubuhi jua kali linaukuta ukiwa bado umeganda. Ndiyo maana miche mingi inayofaulu iko kando ya jiwe, chini ya ukingo wa zulia la matawi, au nyuma ya gogo. Kila mti unaopona hukinga wanaofuata, na kwa njia hiyo msitu wa juu huwa wa vikundi vikundi.

Msonobari wa gome jeupe (Pinus albicaulis) wa magharibi mwa Amerika ya Kaskazini umetatua suala la mahali pa kuotea kwa kumtegemea ndege. Koni zake hazifunguki zenyewe. Kidongonazi wa Clark, ndege wa jamii ya kunguru, huzipasua, hujaza mbegu katika mfuko ulio chini ya ulimi, kisha huzifukia kwa vifungu vidogo, sentimita mbili au tatu ndani ya udongo. Ndege mmoja anaweza kuficha makumi ya maelfu ya mbegu kwa msimu. Hupenda migongo iliyo wazi ambako upepo huondoa theluji mapema. Kumbukumbu yake ni nzuri sana, lakini zinazobaki zinatosha, na ndiyo sababu mara nyingi hukuta mashina kadhaa yamebanana mahali pamoja, kumbe ni miti tofauti iliyotoka katika kifungu kimoja. Katika Alpi, ndugu wa ndege huyo hufanya kazi ileile kwa Pinus cembra.

Msonobari huo wa gome jeupe uliorodheshwa na Marekani kuwa spishi iliyo hatarini mwezi Desemba 2022. Unauawa na kuvu ya kutu, Cronartium ribicola, iliyofika upande huo wa bara mwanzoni mwa karne ya 20, na pia na mbawakawa wa gome ambao zamani hawakuweza kuzoea kimo kile kwa sababu baridi kali iliua mabuu wao. Kwa mti huu basi, usiku ule wa Januari wa nyuzi 40 chini ya sifuri ulikuwa mlinzi.

Watu hutarajia kwamba dunia ikipata joto mpaka wa miti utapanda tu, mita kwa mita. Mwaka 2009 Melanie Harsch na wenzake walikusanya taarifa za mipaka 166 kutoka sehemu mbalimbali duniani. Zaidi kidogo ya nusu ilikuwa imepanda tangu mwaka 1900, asilimia 1 tu ilishuka, na iliyobaki ilikuwa palepale. Mipaka inayofifia taratibu, ambako miti inapungua kidogo kidogo kadiri unavyopanda, ndiyo iliyosogea kwa urahisi zaidi, kwa kuwa kilichoizuia kilikuwa hasa joto dogo la ukuaji. Mipaka ya mazulia yaliyonyolewa na ile inayokatika ghafla mara nyingi haikusogea. Pale mpaka unashikiliwa na ukavu wa Machi, punje za barafu na jalidi juu ya miche, na majira ya joto kuongezeka nyuzi moja hakubadilishi kimo cha theluji wala njia ya upepo.